Taa Iliyokufa Bado Ina Mwenyewe



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaosoma tafakari hii kila juma,

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini zile tyubu za zamani zilizotolewa kanisani bado zimehifadhiwa katika stoo iliyo nyuma ya sakristia, ilhali kanisa limekwisha kupata taa mpya. Mzee mmoja alinitania kwamba Baba Paroko ameanza kutunza masalia ya taa. Swali lenyewe ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko lile ninaloweza kulitoa wakati wa matangazo, watu wakiwa wamekwisha kusimama kungoja baraka.

Tyubu hizo ni 48, kila moja yenye urefu wa futi nne na nguvu ya wati 36. Zimetuangazia katika misa za alfajiri, katika mikesha ya Pasaka, na katika mazoezi ya kwaya yasiyojua saa ya kulala. Mwezi uliopita fundi aliziondoa na mahali pake akaweka taa za LED za wati 18, ambazo kwa nusu ya umeme ule zinatuwezesha kusoma masomo bila kukunja uso. Halmashauri ya Walei ilipokutana ili kuamua juu ya zile zilizotolewa, yakaja mapendekezo matatu. La kwanza, zipelekwe dampo pamoja na taka nyingine. La pili, zivunjwevunjwe na kufukiwa katika shimo nyuma ya jiko la parokia. La tatu, apewe bure kijana anayenunua vyuma chakavu, kwa sababu vichwa vyake ni vya alumini. Niliwaomba wajumbe tusifanye lolote kati ya hayo mpaka tuelewane vizuri. Tafakari ya juma hili ni maelezo ya ombi hilo.

Tuanze na kitu chenyewe. Glopu ya kizamani, ile yenye waya unaowaka, haina siri kubwa. Umeme hupita katika waya mwembamba wa metali iitwayo tangsteni, waya ukapata moto mpaka ukang'aa. Tyubu hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani ya kioo chake kirefu mna gesi kidogo ya aragoni pamoja na chembe ya zebaki. Umeme unapopita humo, mvuke wa zebaki hutoa miali ya urujuanimno, ambayo jicho la mwanadamu haliwezi kuiona. Poda nyeupe iliyopakwa upande wa ndani wa kioo huipokea miali hiyo na kuigeuza kuwa mwanga tunaouona. Zile balbu zilizosokotwa ambazo mafundi wetu huziita enaji seva ni tyubu hiyohiyo, iliyokunjwa ili ienee mahali pa glopu ya kawaida. Kwa hiyo zebaki haikuingia humo kwa bahati mbaya. Ndiyo inayoifanya taa iwake, na siku taa inapokufa zebaki haifi pamoja nayo. Kadiri tyubu inavyotumika, sehemu kubwa ya zebaki huingia katika ile poda nyeupe na kukaa humo, ikingoja siku kioo kitakapopasuka.

Kwetu huku Kanda ya Ziwa jina la zebaki si geni. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na kwingineko huitumia kuzinasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili ipae kama mvuke na kuiacha dhahabu peke yake. Ni metali ya ajabu. Huwa majimaji pasipo kutiwa moto, na ukiipima ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huvukiza kimyakimya katika joto la kawaida la chumba, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Moshi humkohoza mtu naye akakimbia, lakini mvuke wa zebaki haumwonyi mtu. Mtu akiuvuta, takribani asilimia 80 ya zebaki iliyoingia mapafuni hupita na kuingia katika damu. Kutoka hapo hufika kwenye figo na kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito huweza kuvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Ikitupwa majini ina njia nyingine ya kutudhuru. Vijidudu vilivyomo katika tope la ziwa au la mto huibadilisha kuwa zebaki ya aina mbaya zaidi, inayoingia katika viumbe vidogo, halafu katika samaki wadogo, halafu katika samaki wakubwa wanaowala wadogo, na katika kila ngazi huzidi kulimbikizana. Walioonja habari hii kwa uchungu kuliko wengine wote ni watu wa Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1968 kiwanda cha kemikali kilimwaga majitaka yenye zebaki katika ghuba yao. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi. Watu walitetemeka, wakashindwa kusema na kutembea, hata paka waliokula samaki wale wakawa kama wana wazimu. Watoto walizaliwa wakiwa walemavu kwa mama ambao wao wenyewe walionekana wazima. Zaidi ya watu 2,000 wamethibitishwa rasmi kuwa wagonjwa wa zebaki hiyo. Kwa heshima ya mateso yao, mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliitwa Mkataba wa Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sasa, wapendwa, sipendi kuwatisha. Hofu isiyo na kipimo humfanya mtu apoteze akili, na pengine huwa mbaya kuliko hatari yenyewe. Zebaki ya Minamata ilimwagwa na kiwanda kwa miaka zaidi ya thelathini, nayo haikutoka katika taa. Mkataba ule uliweka kikomo cha miligramu 5 za zebaki kwa tyubu ya poda ya kisasa kama zetu, na miligramu 10 kwa tyubu ya poda ya kizamani. Tukichukua hata hicho kikomo cha juu, tyubu zetu zote 48 zina miligramu 480, yaani chini ya nusu gramu. Ukiikusanya pamoja haifikii ukubwa wa tone moja la maji. Kipimajoto kimoja cha kioo cha hospitali za zamani kilikuwa na kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo taa moja ikikuvunjikia nyumbani, ukisafisha kwa utaratibu, hapana sababu ya kukimbia nyumba wala kukosa usingizi.

Basi kama kiasi ni kidogo hivyo, mbona paroko anasumbua watu? Jibu nililipata kwa mama mmoja wa parokia hii ambaye riziki yake ni dampo. Siku niliyokwenda kumpelekea ndugu yake mgonjwa Komunyo, nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua mzigo wake: chupa za plastiki upande huu, makopo upande ule, na katikati rundo la tyubu na enaji seva zilizotoka, kwa maelezo yake, katika ofisi moja mjini. Alikuwa akizipiga kwa kipande cha gogo. Mwanawe wa miaka kama minne alikuwa amekaa karibu, miguu imejaa unga mweupe.

"Hizi za vioo ni rahisi, Baba," alinieleza. "Ukipiga mara moja kichwa kinabaki, kioo unakiacha. Ila huu unga wake unawasha koo."

"Mama, unajua ndani yake mna nini?"

"Najua mna alumini."

Nilimweleza niliyowaeleza ninyi hapo juu, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza kwa makini, akamwita mtoto na kumtuma ndani akanawe. Kisha akasema, bila hasira yoyote: "Nimekuelewa, Baba. Lakini nikiziacha mimi ataziokota mwingine, na pengine ni mtoto. Wanaozileta huku ndio ungewaambia."

Ndiyo maana ninawaambia.

Tyubu moja ni hatari ndogo. Tyubu mia kwa mwezi, zinazopigwa na mikono ileile, zikivutwa na mapafu yaleyale, si hatari ndogo tena. Sisi wenye taa tunagawana mwanga wake tukiwa wengi, kila mmoja na tyubu yake mbili tatu, na kila mmoja akitupa anaona ametupa kidogo. Hayo madogo yetu yote hukutana mahali pamoja, nyuma ya nyumba ya mama yule. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika habari ya taka, mambo yamekwenda kinyume cha methali: mchuma janga hali nalo hata kidogo, bali hulifunga katika mfuko na kumpelekea asiyelichuma. Tena anayepelekewa ni yule ambaye pengine nyumbani kwake hapajawahi kuwaka taa ya umeme.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikemea mazoea ya kutupa vitu kana kwamba vikishatoka mikononi mwetu vimetoweka duniani, na akaonyesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Mimi sikuhitaji kwenda mbali kulielewa fundisho hilo. Nililikuta kwa mama huyo, likiwa na unga mweupe miguuni.

Turudi sasa kwenye mapendekezo yale matatu. Kupeleka dampo ni kumpelekea mama huyo au mwenzake. Tena dampo huchomwa moto, na moto huitoa zebaki yote kwa mara moja na kuikabidhi kwa upepo. Kuvunja na kufukia kuna ubaya wake: anayevunja atavuta mvuke wa tyubu 48 kwa saa moja, na kilichofukiwa kitabaki ardhini, mahali ambapo mvua hupita kwenda kisimani na ziwani. Wako wanaodumbukiza glopu na tyubu katika shimo la choo, wakidhani kwamba kilichoingia humo hakirudi. Siku lori la kunyonya litakapokuja, au choo kitakapojaa na shimo jipya kuchimbwa kando yake, kitakuwa kimerudi. Na kumpa kijana wa vyuma chakavu ni kumpa ugonjwa uliofungwa katika zawadi, kwa sababu ataitafuta alumini kwa njia ileile ya gogo.

Je, iko njia iliyo njema? Iko, nayo si ndoto. Katika viwanda vya kurejeleza taa, tyubu husagwa ndani ya mashine iliyofungwa, ambayo huvuta hewa kuelekea ndani ili mvuke usitoroke. Hewa hiyo hupitishwa katika vichujio vya mkaa maalumu unaonasa zebaki. Kisha vitu hutenganishwa. Vichwa vya alumini huenda kuyeyushwa. Kioo husafishwa na kutumika tena, ama kwa tyubu nyingine, ama kwa kazi za ujenzi. Poda nyeupe hupashwa moto ndani ya chombo kilichozibwa mpaka zebaki, inayochemka ikifika nyuzi 357 za sentigredi, inapanda kama mvuke, ikapozwa na kukusanywa ikiwa majimaji tena. Mama yule hupata alumini akaacha yaliyosalia yamdhuru. Mashine hupata alumini, kioo, poda na zebaki, bila kumdhuru mtu. Katika nchi za Ulaya sheria imewabebesha watengenezaji na wauzaji mzigo wa kuzipokea taa zilizokufa, kwa hiyo mnunuzi huirudisha taa yake kuukuu dukani na kuiacha katika sanduku lililowekwa mlangoni.

Kwetu bado hatujazoea kuona sanduku la namna hiyo dukani, lakini si kweli kwamba hatuna utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitoka kanuni mpya za taka hatarishi na nyingine za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kwa mujibu wa utaratibu huo, taka hatarishi hukusanywa na mtu au kampuni yenye kibali, si na yeyote mwenye mkokoteni. Anayetaka kumjua mkusanyaji halali aulize katika ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, au kwa ofisa mazingira wa halmashauri yake. Aulize pia swali la pili, ambalo wengi husahau: zikishakusanywa zinakwenda wapi, na je, yapo maandishi yanayothibitisha kwamba zimefika? Mkusanyaji mwaminifu hakasirikii swali hilo.

Wakati wa kujifunza jambo hili ni sasa, kwa sababu tyubu nyingi sana ziko njiani kufa. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikutana Bali mwezi Machi 2022, zikaamua kwamba enaji seva zinazofungwa mahali pa glopu ya kawaida mwisho wake uwe mwaka 2025. Zilipokutana tena Geneva mwishoni mwa mwaka 2023, zikaweka mwisho wa tyubu ndefu: zenye poda ya kizamani mwaka 2026, na zenye poda ya kisasa mwaka 2027. Miaka hiyo ikipita, kuzitengeneza na kuzisafirisha kati ya nchi na nchi ni marufuku kwa wanachama. Inafaa tujue, tena kwa fahari kidogo, kwamba waliopeleka pendekezo la kuziondoa taa hizi ni kundi la nchi za Afrika, lililohofia bara letu lisigeuzwe ghala la bidhaa ambazo wengine wamezikataa. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingizwa sokoni kwa tyubu za kawaida mwezi Agosti 2023. Kwa hiyo, mtu akikuletea tyubu au enaji seva kwa bei ya kutupa, jiulize ni nani aliyezitupa kwanza.

Marufuku hiyo inahusu taa mpya. Zile zilizokwisha kufungwa katika shule, zahanati, maduka na makanisa yetu zitaendelea kuwaka na kufa moja moja, na kila moja itahitaji mahali pa kwenda. Taa za LED tunazonunua badala yake hazina zebaki, na hilo ni jambo jema sana. Hata hivyo nazo zina vipande vya elektroniki ndani yake, na zikifa ni taka za elektroniki, wala si takataka za jikoni. Glopu za waya, pamoja na zile za halojeni, hazina zebaki. Hizo zifunge katika gazeti au boksi ili kioo kisimkate mzoa taka, kisha zitupwe kwa kawaida. Lakini taa kubwa za nje zenye zebaki, kama zile za kizamani zilizomulika viwanja na barabara, zina zebaki nyingi kuliko tyubu, kwa hiyo zisiguswe na asiyejua kazi.

Nyumbani kwako, ewe mwanaparokia, mambo ya kushika si mengi. Zima swichi, iache taa ipoe, kisha uitoe taratibu. Enaji seva ishike kwenye kitako chake cha plastiki, usiizungushe kwa kukishika kioo. Iingize taa kuukuu katika boksi la ile mpya, uliweke mahali pakavu, juu, mbali na mikono ya watoto. Tyubu zisifungwe pamoja kwa kamba inayokaza, wala zisisimamishwe kwenye kona ya mlango ambako kuku na watoto hupita. Ninawaomba wazazi kipekee juu ya mchezo ninaouona mitaani, wa watoto kurushiana tyubu kama mikuki ili wasikie mlio wake zinapopasuka. Mlio ule unafurahisha, lakini wingu jeupe linaloufuata ndilo tunalolizungumzia.

Na ikivunjika? Watoe watu wote chumbani, hasa watoto na akina mama wajawazito, pamoja na wanyama. Fungua milango na madirisha, zima feni na kiyoyozi, ukae nje kwa dakika kumi hivi. Usikimbilie ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu vyote viwili hutawanya poda. Chukua karatasi ngumu au kipande cha boksi, uzoe vipande polepole. Chembe ndogo zinase kwa selotepu. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye unyevu au karatasi laini iliyolowa. Vyote hivyo, pamoja na kitambaa na ile selotepu, vitie katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, kama ile ya jamu, na kama huna tumia mfuko mzito wa plastiki uliofungwa barabara. Uuweke nje ya nyumba mahali salama, unawe mikono kwa sabuni, na chumba kiendelee kupata hewa kwa saa kadhaa. Usikichome kitu chochote kati ya hivyo.

Halmashauri ya Walei ilipokutana mara ya pili, jambo lililotuchelewesha lilikuwa fedha. Mkusanyaji mwenye kibali hutoza kwa uzito, na safari ya gari lake kwa ajili ya tyubu 48 tu ingetugharimu kuliko tyubu zenyewe zilivyotugharimu zikiwa mpya. Mjumbe mmoja aliuliza kwa sauti swali ambalo wengine walikuwa nalo moyoni: tangu lini mtu akalipia takataka? Nilimjibu kwamba takataka hulipiwa siku zote. Tunachoamua sisi ni nani alipe, na kwa kitu gani. Sisi tukikataa kulipa kwa shilingi, yuko atakayelipa kwa figo zake. Palikuwa kimya kidogo, kisha mama mmoja wa WAWATA akasema kwamba shule ya jirani nayo ina rundo la tyubu, na zahanati vilevile, na kwamba gari likija mara moja kwa ajili ya wote gharama itagawanyika. Wazo hilo likapita bila kupigiwa kura.

Hivyo ndivyo tulivyoamua. Tyubu zetu zitabaki katika maboksi yao, zimelazwa, na stoo imefungwa kwa ufunguo, mpaka shule na zahanati zitakapokuwa tayari. Kuanzia Jumapili ijayo litawekwa pipa gumu lenye kifuniko nje ya ofisi ya parokia, chini ya paa, kwa ajili ya tyubu fupi na enaji seva kutoka katika familia zenu. Tyubu ndefu zikabidhiwe kwa katekista ana kwa ana. Viongozi wa jumuiya ndogondogo watalitangaza jambo hili katika sala za Jumamosi, na wasio Wakatoliki wanakaribishwa kuleta taa zao, kwa maana zebaki haiulizi dini ya mtu. Pipa hilo lisitiwe betri, wala chupa, wala glopu za waya. Na wale wenye biashara au ofisi, wenye tyubu kwa makumi, tafadhali msilete kwangu kwa siri usiku. Njooni mchana, tuketi, tugawane gharama ya gari.

Mama yule wa dampo bado anaendelea na kazi yake, nami sikumwomba aiache, kwa kuwa ni kazi halali na mji huu ungenuka bila mikono ya watu kama yeye. Nimemwomba jambo moja tu: zikija za vioo, aziweke kando nzima nzima na kunipigia simu. Amekubali. Ameniambia pia kwamba anaijua ofisi ile zinakotoka zile nyingi, na kwamba yuko tayari kunipeleka. Tutakwenda Jumanne, yeye na mimi na mjumbe mmoja wa halmashauri, kuzungumza nao kwa adabu. Nitaomba azungumze yeye kwanza.

Ninawatakia nyote juma jema, lenye amani na afya katika nyumba zenu.

Padre wenu.